Mama Anajibu "Salama"

Kimamba, Jumapili

Mpendwa mdogo wangu Ditram,

Pokea salamu zangu huko Mikumi, wewe, wifi Doris na wanangu. Natumaini hamjambo na kazi ya hotelini inakwenda. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma: marahaba. Mimi dada yako sijambo, mzima kabisa, ila nimekasirika, na nimeamua kukasirika kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa una mgeni anakusubiri.

Mama amelazwa Kilosa tangu Jumanne. Tulia, yuko hai. Kaa chini usome.

Unakumbuka aliingizwa kwenye ule utafiti wa dawa ya moyo, kwa kuwa moyo wake umechoka kusukuma damu na maji yanamjaa miguuni. Utaratibu ni kwamba wanampigia simu kila wiki, anawaeleza anavyoendelea, ndipo wanaamua kumwongezea dawa au kumwacha alivyo. Anayepiga ni kijana anaitwa Evarist, ana adabu zake, tena zimezidi. Anaanza na shikamoo bibi. Mama anaitikia marahaba baba. Anauliza hali. Nzuri, namshukuru Mungu. Kupumua je? Salama. Usingizi? Salama tu, sijui nyie huko. Kijana anaandika kwamba hana tatizo, anakata simu.

Salama! Mtu analala amekaa, ameegemea gunia la mpunga, maana akijilaza anakosa pumzi! Miguu imevimba hata kandambili haziingii! Nikimwambia mama, waeleze ukweli, ananigombeza kwamba hakunilea hivyo, mtu akikujulia hali humtupii maradhi yako usoni kabla hujamuuliza ya kwake.

Jumanne akaanguka jikoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilimpakia kwenye bajaji ya Mudi, njia nzima nimemkumbatia nalia. Tulipofika, daktari wa utafiti, Herman, akafungua kompyuta yake akasema anashangaa, kwa taarifa zao huyu mama ni miongoni mwa wanaoendelea vizuri sana. Ditram, mori ulinipanda! Nilimuuliza yeye ni mtoto wa nani, na bibi yake mzaa mama akijuliwa hali hujibu nini. Hiyo ni dawa gani wanayoitafiti kwa kuulizana hujambo? Nilisema mpaka nesi akaja kufunga mlango.

Daktari alimwinamia mama, mpira wa oksijeni uko puani, akamwamkia na kumuuliza anajisikiaje. Mama akakusanya pumzi zote zilizobaki akamjibu, "Njema mwanangu. Za nyumbani kwako?"

Nesi alicheka. Daktari hakucheka. Akavuta kiti akauliza upya: jana alilala chali au amekaa? Viatu gani vinamwingia? Akienda chooni, anasimama njiani kupumzika? Hapo mama akasema yote, maana hizo si salamu. Amebadilishiwa dawa, jana amelala kwa mto mmoja, na Evarist amepewa maswali mapya. Hasira zangu kwao zimepungua, hazijaisha.

Zilizobaki ni zako. Unampigia mama, anakwambia salama, unaridhika, unarudi kwa wageni wako. Mtoto wa kumzaa na kijana wa utafiti mna tofauti gani?

Kuna jingine. Daktari alisema ugonjwa wa mama ulianza na presha ya miaka mingi isiyotibiwa, basi akanifunga kile kitambaa mkononi na mimi. Akapima, akarudia, akanipeleka kwenye kipimo cha picha ya moyo. Moyo wangu nao umeanza kutanuka. Sasa rudi pale juu usome nilivyokuandikia: sijambo, mzima kabisa. Mkono ulijiandikia wenyewe. Nilitaka kufuta, nikaacha uone tulivyo.

Tumetoka tumbo moja, Ditram. Nenda kapime wiki hii hii.

Wabusu wanangu, na wifi mwambie namkumbuka. Mama anakusalimu sana, anasema hajambo. Usimwamini.

Ukinijibu, salamu ziweke mwisho. Anza na presha.

Ni mimi dada yako,
Fausta