Wasafiri Waliokuzika Dar es Salaam

Mume wangu, baba Magesa,

Leo wamemaliza kuvuna pamba hapa Kabasa, Bunda, nami nimebaki uani peke yangu nikikukumbuka. Nakukumbuka zaidi pale stesheni ya Dar es Salaam, asubuhi tuliyoshuka kwenye treni ya kutoka Mwanza. Wewe ulikuwa umeufunga kitambaa ule uvimbe wa shingoni, mimi nimebeba kikapu cha michembe ya viazi vitamu aliyotukaushia mama yako.

Wachukuzi walipita mbio na mikokoteni, kipaza sauti kikiita watu wa Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Wewe ukasimama katikati yao unatabasamu.

"Mama Magesa, hawa wote wanaendaga wapi?"

"Sogea, watakukanyaga."

"Ngoja kwanza niwaangalie."

Hukuwa mtu wa haraka. Hata tulipohamia kijiji cha ujamaa, wenzako walikimbilia viwanja vya barabarani, wewe ukazunguka ukitafuta mahali ambapo upepo wa ziwa unafika. Nyumba uliyoijenga hapo uliugua hujamaliza kuiezeka.

Hospitali walijitahidi, lakini uvimbe ulikuwa umeshashuka kifuani. Mchana ule wa mwisho ulinishika mkono, sauti imeisha kabisa, nikainama nikusikie. "Usiniache huku. Nirudishe kwetu." Nikakuitikia.

Kesho yake nilirudi stesheni kuuliza namna ya kusafirisha mwili wako. Nilikuta watu wengi kuliko siku ile ya kwanza, ila hakuna aliyekuwa anaondoka. Mafuriko yalikuwa yamebeba reli huko mbele. Watu wamelala juu ya mizigo yao, wengine wanapika uji nje ya ukuta. Karani wa dirishani alikuwa mpole. "Mama, njia haifunguki karibuni," alisema. "Na kule hospitali hawawezi kukaa naye muda wote huo. Mzike hapa."

Nilikaa chini palepale, nikakulilia kwa lugha ya kwetu nilikozaliwa, Butiama. Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mzee mmoja aliyekuja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa katekista wa Butiama, naye amekwama kama wengine.

"Mwanangu, umefiwa na nani?"

"Mume wangu. Na sina ndugu huku."

"Basi tutamzika sisi," akasema.

Akapanda juu ya sanduku lake, akawatangazia wasafiri kuwa kuna mtu wa Bunda amefia ugenini. Nilidhani watamwangalia tu. Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja: Wagogo, Waha, Wanyamwezi, na wachukuzi waliokuwa hawana mizigo ya kubeba. Wengine walibaki kulinda mali za wenzao. Makaburini wanaume walipokezana jembe kwenye udongo uliojaa maji. Mama mmoja wa Kigoma alivua khanga yake ya juu akakufunika nayo, na jina lake silijui mpaka leo. Katekista akasali, wakaitikia kila mtu alivyozoea. Kisha wakarudi stesheni kungoja treni, nami nikarudi nao, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Reli ilipotengenezwa tulipanda pamoja. Njia nzima walinilisha.

Mama yako alinipokea barabarani. Aliangalia nyuma yangu, kisha akanitazama.

"Mwanangu umemwacha na nani?"

"Na watu wema, mama."

Mpaka anaingia kaburini hakuniuliza tena.

Magesa alipokua alikwenda kukutafuta. Alikuta msalaba umeoza, makaburi yamepandana, akarudi bila kujua ni lipi lako. Usiku ule hakula. Mimi nilimwambia baba yake alizikwa na watu wengi, naye akaniuliza kama hata mmoja wao alikuwa anakujua. Hata sasa, nikiwa naosha vyombo au napalilia, swali lake linanirudia na machozi yananitoka.

Juzi watoto waliniuliza nikifa wanizike wapi. Nimewaambia hapa Kabasa, kando ya mama yako, maana wajukuu wote wako hapa. Kwa hiyo hatutalala pamoja, baba Magesa. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Pumzika salama huko tulikokulaza.

Mkeo,
Mama Magesa