Anayekaa Mahali pa Gede

4 Machi 2025

Mwanangu Gede,

Om Swastyastu. Hujambo huko melini? Mgongo umepoa? Mimi mzima. Bibi yako anakunywa uji tu na miguu imemvimba, lakini ulimi bado mkali.

Nikupe habari kabla hujapewa na wengine. Jalala la wilaya halipokei tena taka zisizochambuliwa, kila banjar, kila mtaa wenye baraza lake, ijitafutie njia. Basi juzi mkuu wetu, Pak Suweca, akasimama ukumbini akasema njia imepatikana: taka zetu na za majumba ya wageni zimwagwe korongoni nyuma ya hekalu, na wenye majumba watatuezekea ukumbi upya. Wanaume wakaitikia. Mimi nilikuwa mahali pako, nyuma kabisa, kazi yangu kuitika jina lako likiitwa, maana daftarini huandikwa wanaume tu. Nikanyoosha mkono.

Nikasema, "Chini ya korongo kuna chemchemi. Maji matakatifu ya harusi na ya maiti tunayateka pale. Na anayefagia, anayepika, anayesuka sadaka za majani ni mwanamke. Taka zote zinapita mikononi mwetu, mbona hatuulizwi? Kila nyumba ichimbe shimo uani, majani yaoze humo, plastiki itengwe."

Pak Suweca akacheka. "Mama Gede, tangu lini mtetea akawika?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikukaa, Gede. Mkutano ujao nasema tena.

Mama yako


11 Machi

Mama mpendwa,

Om Swastyastu. Nakuamkia kwa heshima. Mgongo bado, kazi ya kufua mashuka ndiyo hiyo. Mpe Bibi pole.

Pak Suweca amenipigia. Anasema ukiendelea, banjar itatutenga. Mama, unajua kutengwa. Hakuna wa kukusalimu njiani. Bibi akifa ngoma haitapigwa, na hakuna mwanamume atakayekuja kumbeba. Wewe utambeba mabegani hadi mahali pa kuchomea maiti? Roho yake izurure kwa sababu ya takataka?

Nakuomba, nyamaza. Angalau mpaka Bibi aende salama.

Mwanao Gede


21 Machi

Mwanangu,

Om Swastyastu. Wazima sote, ila Bibi hainuki tena.

Lori la kwanza lilikuja jana asubuhi. Tulisimama njiani, mimi na wanawake wa mtaa, na sinia za sadaka vichwani. Nani atamkanyaga mwenye sadaka? Dereva alitukana wee, mwisho akarudi kinyumenyume. Jirani yetu Luh Sasih alicheka hadi sinia ikamwagika. Mumewe hajamsemesha tangu hapo.

Nimemsomea Bibi barua yako. Kasema, "Mwambie huyo mtoto sijafa bado, asinizike."

Naogopa kutengwa, nisikufiche. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi mpevu kuna mkutano wa uamuzi. Nitakuwepo.

Mama yako


16 Aprili

Mama,

Om Swastyastu. Natumaini wewe na Bibi mko salama.

Najua umeshaambiwa. Kabla ya mkutano nilimwandikia Pak Suweca kwamba husemi kwa niaba ya nyumba yetu, na mahali pangu akae Baba Mdogo. Nimefanya kwa ajili ya Bibi. Nijibu, hata kwa matusi.

Gede


2 Mei

Mama, Om Swastyastu. Bibi anaendeleaje? Wewe je? Simu inaita tu. Tafadhali.

Gede


14 Juni

Gede,

Om Swastyastu. Bibi yako amefariki, na juzi tumemchoma.

Ulichotaka umekipata. Ngoma ilipigwa. Walikuja wote, hata waliokuwa wakigeuza uso wakiniona, wakambeba vizuri. Kisha kuhani akafunua chungu cha maji matakatifu. Akanusa. Akakirudisha chini. Malori yanamwaga taka korongoni tangu siku ile barua yako iliposomwa mbele ya wanaume, mimi nikaambiwa nitoke. Maji ya chemchemi yananuka kama samaki aliyeoza.

Bibi alingoja juani, wakati vijana wameenda kuomba maji kijiji cha jirani. Huko wakaulizwa, "Kwani yenu yamekauka?" Nilimlilia Bibi, na nililia kwa aibu, na nilikuchukia, mwanangu. Nakwambia ukweli.

Jana Pak Suweca alikuja, hata kahawa hakunywa. "Mama Gede, rudi ukumbini utueleze habari ya yale mashimo."

"Niseme kwa jina la nani?"

"La Gede, nani tena? Nitampigia atoe ruhusa."

Basi atakupigia. Mimi sikuombi kitu. Utakachomjibu ni chako, utaishi nacho.

Mama yako


16 Juni

Mama yangu,

Om Swastyastu. Nakuamkia, ingawa sistahili kuitikiwa. Nimemlilia Bibi katikati ya mashuka hadi wenzangu wakanifungia mlango nisionekane.

Pak Suweca amepiga leo. Nimemwambia mahali pale si pangu, kwa hiyo sina ruhusa ya kutoa. Mwenye nyumba ni mama, mwandikeni yeye. Akasema, "Haya, namwandika, Mama Gede." Nikamwambia hapana, kwa jina lake.

Nikasikia akifunua daftari. Kisha akauliza, "Hivi mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia: Ni Nyoman Rasmin. Nikaona haya, Mama, maana sikumbuki kama niliwahi kulitamka.

Mwanao Gede