Baba Anajifunza Ridhimu

Kimara, Jumapili

Kaka Ansbert,

Shikamoo. Huku sie wazima. Mvua imebomoa tena ngazi za bondeni, na yule kuku uliyeniachia ametotoa.

Sasa sikia. Tangu ugombane na Baba ukahamia Mwanza, gitaa lake lilikuwa limening'inia tu ukutani. Siku hizi akitoka kanisani analishusha, anafanya mazoezi, na solo haigusi kabisa! Mzee aliyetikisa kumbi kwa solo anapiga ridhimu, ile sehemu ya kusindikiza uliyokuwaga unapiga wewe. Anapiga taratibu kama mwanafunzi. Akikosea anaguna, anaanza upya.

Nikamuuliza, "Baba, mbona solo hupigi?"

Hakuinua hata macho. "Solo naijua. Nataka nijue mwanangu alikuwa anasikia nini, mie nikimfunika kila siku."

Kaka, nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Leo kapiga wimbo wenu mzima. Ilipofika zamu ya solo, hakuichukua. Aliendelea kusindikiza tu, huku anakitazama kiti chako kana kwamba umekikalia.

Ni mie mdogo wako,
Felicitas