Mae Haipatikani

Mae wangu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Nshambya, mikono bado inanuka ndizi. Najua ungeniambia nikanawe kwanza. Nimenawa, Mae, utomvu ndio umegoma kutoka. Naandika kwa nukta nundu, zile ulizokuwa unaziita vipele vya karatasi, na Jumapili hii nina habari ambayo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Tangu tulipokuzika Kishanda, shangazi Adventina hakuniacha nipumue. Unamjua dada wa marehemu baba, akishika jambo haliachii. Kila akipiga simu ni lile lile: mwanamke asiyeona hawezi kukaa na moto peke yake mjini, nirudi Kishanda awe ananipikia. Habari ya kazi yangu ya ualimu haikuwamo katika mipango yake. Mwisho akasema atakuja yeye na kaka Projest, waone wenyewe naishije, kisha waamue. Nilijua chakula cha siku hiyo kikiharibika, ndicho kitakuwa cha mwisho kupikwa na mimi katika nyumba hii.

Simlaumu, ananipenda. Ila upendo wake ulikuwa unanitoa jikoni, na jikoni ndiko ulikonilelea.

Surua iliponichukulia macho, majirani walikushauri unikalishe mbali na mafiga. Wewe ukanivuta karibu. Hapo ndipo ulipoanza ile tabia yako ya kusema kila ambacho mikono yako inafanya. Namenya. Natandika jani. Namimina maji. Nafunika. Na kabla ya kuinua mfuniko, siku zote bila kukosa, "Nafunua, mvuke," nami nageuza uso kabla joto halijanifikia. Ukazoea mpaka ukawa unasema hata nikiwa shuleni, na watu wakadhani mama Koku ameanza kuongea peke yake. Ulicheka ukasema wewe unapika kwa mdomo. Nimesoma chuo, nimefundishwa na wengi, lakini mwalimu wa kukufikia sijamwona, na nikisema sijamwona unajua ninavyomaanisha.

Sasa nikwambie kuhusu sufuria. Projest aliniletea presha kuka ya umeme, na mbele yake ni kioo kitupu. Unapapasa, hupati kitufe hata kimoja, kidole kinateleza tu. Nikamwambia airudishe dukani. Akasema tulia dada, hii inaendeshwa kwa simu. Na kweli, ile simu yangu inayonisomea kila kilichoandikwa ikaanza kusema mfuniko umefungwa, presha inapanda, sasa inashuka. Mae, nilikaa chini. Kifaa kilikuwa kinasema kinachofanya.

Aliyekitengeneza simjui, na sidhani kama amewahi kula ebitoke, maana ndizi hazimo kabisa katika vyakula vyake, mimi nazipika kwenye sehemu ya viazi. Lakini kuna mtu mahali fulani alikaa akajiuliza mimi nitajuaje kwamba mfuniko umekaa sawasawa. Mtu huyo namvulia kofia. Simu ilipotaka niipe sufuria jina, sikusita, nikaandika Mae.

Tatizo ni sarufi. Kwa simu, sufuria ni kitu, basi inasema "Mae iko tayari." Mwalimu mimi naisahihisha kila siku, yuko, yuko tayari. Haisikii.

Leo wakaja. Nikawakaribisha sebuleni, ndizi ziko ndani ya presha kuka, maharage yako kibarazani kwenye jiko la mkaa, maana umeme wetu siuamini kwa vyakula viwili. Sauti ya simu niliipandisha makusudi, nilitaka shangazi asikie maajabu. Akasikia. Umeme ulikatika akiwa katikati ya maneno yake, na simu ikasema kwa sauti kubwa:

"Mae haipatikani. Jaribu tena baadaye."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani polepole. Projest akaanza kueleza kwamba ni sufuria tu, na mimi machozi yakanitoka nikiwa nimesimama, kwa sababu hilo ndilo neno ninaloamka nalo kila asubuhi tangu uondoke. Hupatikani, Mae. Nimejaribu tena na tena.

Lakini ndizi ikipoa kabla haijaiva inakuwa ngumu moja kwa moja, wewe ndiye uliyenionya. Nikarudi jikoni. Kandambili za shangazi zikanifuata, zikasimama mlangoni. Nikatoa presha, nikangoja mlio uishe, na mdomo wangu ukaanza wenyewe bila kuuagiza.

"Nafunua, mvuke."

Kandambili zikarudi nyuma. Navuta sufuria. Natandika jani. Nahamisha ndizi. Napita, nimebeba cha moto. Akanipisha. Nikaepua maharage, nikabandika ndizi juu ya mkaa, nikafunika kwa jani, nikasikiliza mpaka mchemko ukawa mzito kama ulivyonifundisha. Mwisho shangazi akasema kwa sauti ya chini, kama anayejiambia, "Waitu, jamani, ni yeye kabisa huyu."

Tulikula. Projest aliongeza. Umeme uliporudi, simu ikatangaza kwamba Mae imeunganishwa, na shangazi akacheka hadi akapaliwa na maharage. Mimi nilikuwa nangoja habari ya Kishanda, nayo haikuja.

Unakumbuka jinsi anavyoondoka? Miaka yote shangazi huinuka kimyakimya, nami nabaki nakiambia kiti maneno, na mwenyewe ameshatoka zamani. Leo nilikuwa nasuuza sahani. Nikasikia sauti yake pale mlangoni, imekazana, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Koku. Navaa viatu. Nafungua mlango. Natoka, mwanangu, nakuacha na jiko lako."

Nikamwambia safari njema, shangazi, uwasalimie Kishanda. Nikaendelea kusuuza sahani.

Basi, Mae. Nakunja karatasi. Nafunika sufuria. Nanawa tena mikono.

Mimi binti yako,
Koku