Pipa la Mvivu

Beaune, 4 Machi 2019

Dada Léonie,

Shikamoo. Vipi hali? Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na moja na kazi yangu ni kukaa nyuma ya usukani. Najua utashangaa kuona bahasha yangu na wala si mwaka mpya.

Nina shida. Yule mzee niliyekuwa nampelekea watalii wangu wa Alhamisi amestaafu, ghala kalifunga. Nimebaki na gari la watu wanane na mashamba ya kuwaonyesha, pa kuwaonjesha mvinyo sina. Mtu akitoka hapa asubuhi akarudi jioni bila kushuka ghalani, huyo kapunga hewa tu. Nikakukumbuka wewe. Ghala la baba lina mapipa, lina ukungu ukutani, wanapenda mambo hayo. Saa moja tu kila Alhamisi.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Anselme


Vauchenay, 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, ahsante kwa kuuliza, miaka ishirini hukuuliza. Mizabibu ya juu nimeshaipogoa, ya chini bado. Vidole vimekufa ganzi ila kalamu naishika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa natafuta uongo. Sijauona, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Hapo Beaune kuna maghala mangapi? Wewe umeyaruka yote ukaja kugonga kwetu. Tangu tumzike baba umekanyaga hapa mara mbili, na mara zote mbili hukushuka ngazi za ghalani. Ukasema unaogopa baridi. Mtoto wa mtengeneza mvinyo anaogopa baridi ya ghala! Leo unataka kuja kila wiki?

Kama unaniletea mnunuzi wa shamba aliyevaa kofia ya utalii, mwambie asipoteze muda wake.

Nakubali, kwa masharti. Watu wanane, asizidi hata mmoja. Aliyejipaka manukato abaki uani na kuku, sitaki mvinyo wangu unukie duka la vipodozi. Watemee kwenye ndoo, si sakafuni. Nitaoka vitumbua vya jibini kama vya mama. Na Ijumaa usiniombe kamwe. Ijumaa ni siku ya kujazia mapipa mvinyo uliopungua, kama zamani.

Dada yako,
Léonie


Beaune, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini baridi ya wiki hii haikuunguza machipukizi. Mimi sijambo.

Nakushukuru. Yule mama wa Kinorwe ameniambia wewe ni mkali kama haradali na kwamba atarudi mwakani kwa ajili yako. Vitumbua walivimaliza, wengine wakaweka mfukoni, niliwaona. Usijali mimi kubaki juu uani. Lazima mtu aangalie gari.

Mdogo wako,
Anselme


Vauchenay, 12 Mei

Anselme,

Sijambo, usiulize. Machipukizi yamepona. Kilichonikaa rohoni ni kingine.

Lile gari lako lina hazina gani mpaka likae na mtu kila Alhamisi katika uwanja wa kuku? Nani aliibe, jogoo?

Alhamisi iliyopita walishuka ngazi wanacheka, na si mara ya kwanza. Mholanzi mmoja, mrefu kama nguzo, akaniuliza, "Mama, pipa la mvivu ni lipi?"

"Mvivu gani?"

"Aa, mama, usijifanye hujui!" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikamwambia mvivu pekee ninayemjua amebaki juu anaangalia gari. Wakazidi kucheka. Mimi sikucheka. Watu wananichekea nini ndani ya ghala la baba yangu?

Halafu kulikuwa na binti mmoja. Ana kama miaka ishirini na mitano, nywele fupi, viatu vya shamba. Naye hakucheka. Mvinyo hakuonja. Alikwenda moja kwa moja mpaka pipa namba nne, lile la siki, akapitisha kidole mahali anayejaza pipa anapoweka alama yake kwa chaki.

"Hapa nani anaweka alama?" akauliza.

"Mimi."

"Na zamani?"

"Zamani imepita, binti yangu. Wewe ni mkaguzi?"

"Hapana. Nafanya kazi na mapipa tu."

Wenzake wakanunua mvinyo, yeye akanunua chupa ya siki. Nani anakwenda safari ya mvinyo akarudi na siki? Umeniletea nani, Anselme?

Dada yako,
Léonie


Beaune, 16 Mei

Dada,

Shikamoo. Pole kwa usumbufu.

Mholanzi alichanganya mambo, tulikuwa tumepita maghala mengi siku hiyo na kila ghala lina visa vyake. Binti yule ni mwanafunzi, anaandika jambo kuhusu siki. Jina lake silikumbuki, watu wanane kila wiki ni wengi. Usianze kuona majini kwenye kila pipa.

Mdogo wako,
Anselme


Vauchenay, 2 Juni

Anselme,

Alhamisi uliacha karatasi zako kwenye meza ya uani, kuku wakazipanda, nikaziokota. Ndani yake mna orodha za abiria. Ya tarehe 9 Mei inasema, kiti cha nane, Apolline Jeandot. Umeipigia mstari. Mstari mwekundu, mara mbili, kwa mtu ambaye jina lake hulikumbuki.

Jeandot ninayemjua mimi ni mmoja, nawe unamjua.

Usije tena na gari lako mpaka unijibu. Lango nimelifunga kwa mnyororo.

Léonie


Beaune, 30 Juni

Dada Léonie,

Shikamoo. Sitauliza habari za magoti, nitakuwa najichelewesha tu. Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezichana kwa sababu kila moja ilianza kwa kujitetea.

Apolline ni binti wa Firmin, Firmin wetu wa ghalani. Nililijua hilo nilipoona jina lake kwenye orodha, kabla hata hajapanda gari. Nilikudanganya.

Sasa nisikilize. Unakumbuka Februari ile ya mwaka tisini na mbili, baba kalazwa Dijon, anafanyiwa operesheni ya nyonga. Mama yake Firmin naye alikuwa anakata roho huko kwao Jura. Firmin alinijia mimi, si wewe, maana alijua wewe humfichi baba kitu. Akasema, "Anselme, nijazie safu yangu ya mapipa Ijumaa tatu. Weka alama yako, nikirudi nitamweleza mzee mwenyewe." Nikamjibu, "Nenda shemeji, usiwe na wasiwasi." Nilimwita shemeji. Harusi yenu ilikuwa iwe Juni.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda Dijon kwenye dansi. Kulikuwa na msichana anauza viatu, leo hata sura yake siikumbuki. Ya pili, vilevile. Ya tatu nilishuka ghalani, nikaangalia mapipa, nikajisemea wiki tatu si kitu, mvinyo utajuaje. Wewe unajua kwamba mvinyo unajua. Mbao zinakunywa, pipa linapungua, hewa inakaa pale juu chini ya kizibo, basi.

Asubuhi ya siku baba anarudi ndipo nikaingiwa na hofu. Nikajaza yote mbio mbio, kwa nje yakaonekana mazima. Lakini alama za chaki hazikuwepo, na kuweka alama yangu niliogopa, isije ikawa kuna lililoharibika likaitwa langu. Nikachora alama ya Firmin, ule mundu mdogo, na tarehe zote tatu, pipa kwa pipa. Ningependa kukwambia kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka.

Firmin aliporudi kutoka mazikoni aliona. "Mbona umeweka alama yangu?"

"Nimekusitiri, mzee asijue ulisafiri."

"Lakini umejaza?"

"Nimejaza, bwana, kwani mimi mtoto?"

Akanishukuru, dada. Alinishika mkono akanishukuru.

Aprili pipa namba nne likawa siki. Baba akatuita wote, wewe ulisimama pale chini ya ngazi. "Firmin, alama hii ni yako?" Firmin akaitazama, kisha akanitazama mimi. Alingoja. Sijawahi kungojwa na mtu namna ile. Mimi nikaangalia viatu vyangu, vilikuwa vipya, vya dansi. Akasema, "Ni yangu." Baba akasema, "Mtu asiyeweza kujaza pipa hawezi kujaza nyumba." Ukamfuata uani anafunga begi kwenye pikipiki, akakwambia, "Muulize mdogo wako." Ukaja kuniuliza. Nikasema sijui lolote.

Ningekuwa na hilo tu ningekuwa mtu mbaya wa kawaida. Lakini lipo lingine.

Kabla ya njia panda ya Vauchenay kuna lile daraja la mawe, trekta zinapishana kwa zamu, tunasubiri pale dakika nyingi na watalii wanachoka. Miaka kumi na miwili iliyopita niliwasimulia kisa cha kuwachangamsha. Mtunza ghala aliyekuwa anajaza mapipa kwa chaki tu, mvinyo hatii. Walicheka sana. Wiki iliyofuata nikakisimulia tena, nikamwongezea paka aliyelala tumboni mwake na mkoromo unaotikisa vizibo. Nikakitia jina, maana kisa bila jina hakichekeshi. Kichwani mwangu lilikuwemo jina moja tu. Firmin Mvivu. Nikishalikoromea lile jina lote, gari zima linacheka, nami nacheka nao. Ndiye mvivu aliyekuulizia Mholanzi.

Mtu wa Jura alipanda gari langu, akaenda kukisimulia kazini kwao. Apolline akakisikia. Akaja kukisikiliza kwa masikio yake, kiti cha nane, nami nilikwishaona jina lake kwenye orodha, na tulipofika darajani wakaniambia, "Bwana, kile kisa!" nikakisimulia. Niliogopa kunyamaza. Ningenyamaza angejua.

Tuliporudi Beaune alishuka wa mwisho. Akaniambia, "Baba yangu anaosha mapipa ya watu. Miaka ishirini na saba sasa. Habari ilimtangulia kila ghala, hakuna aliyewahi kumpa chaki." Akafunga mlango wa gari polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Bora angeubamiza.

Uliniuliza kwa nini nimeyaruka maghala yote nikaja kwetu. Nilitaka kushuka zile ngazi nikwambie. Kila Alhamisi nilijiambia leo ndiyo leo, na kila Alhamisi nikabaki juu na kuku.

La kuvunda halina ubani, najua. Siombi msamaha. Niambie tu nifanye nini, nitafanya.

Mdogo wako,
Anselme


Beaune, 18 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijapata neno lako. Nilipita Jumapili, mnyororo bado upo langoni. Posta wanasema barua ilifika. Jirani anasema ulipanda treni na begi, hukusema unakwenda wapi.

Kisa kile nimekiacha. Wakiniomba nasema nimekisahau.

Mdogo wako,
Anselme


Vauchenay, 5 Oktoba

Anselme,

Mavuno yamekwisha, zabibu ni chache ila tamu. Sasa nina nafasi ya kukujibu.

Nilikwenda Jura. Nilimkuta nyuma ya ghala la watu, kainama, mkono wote umo ndani ya pipa. Nywele nyeupe zote. Hakushtuka kuniona, binti yake alimwambia nitakuja siku moja.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nilikwambia umuulize mdogo wako."

"Nilimuuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akarudi kuosha pipa. Nawe usidhani barua yako ilikuwa na dhambi zako peke yako. Mimi ninayeshuku kila bahasha na kila kofia, siku ile niliamini haraka, kwa sababu aliyenijibu ni mtu wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa siku tatu. Siku ya tatu alinipa kahawa.

Unasema kisa umekiacha. Nani amekuruhusu? Miaka kumi na miwili umewapandisha watu gari na kuwashusha wakiwa wamelibeba jina lake mpaka Norwe na Uholanzi, halafu leo unasahau na mambo yamekwisha? Unyamavu wako naujua, ndio ule ule wa viatu vya dansi.

Alhamisi, tarehe 10, tazama orodha yako. Viti vitatu vya mbele. Apolline Jeandot, Firmin Jeandot, na mimi. Wengine watano ni watalii kama kawaida, sijui wanatoka wapi. Tutapanda Beaune pamoja nao. Usiniite dada, usimbebee begi, usimmwagie machozi yako mtu aliyekuja kutembea. Ukifika daraja la mawe, zima redio, subiri trekta, kisimulie kisa chako kuanzia mwanzo. Paka umwache ukipenda.

Umesema mwenyewe kisa kinataka jina. Tutasikia utakitia jina gani.

Ijumaa nina mapipa thelathini na moja ya kujaza na magoti yangu ndiyo haya. Chaki ziko mbili. Moja nimeshamwahidi Firmin.

Dada yako, mpaka darajani,
Léonie