Moshi Juu ya Kaburi la Baba

Kijiji cha Umoja,
S.L.P. 14,
Kaliua.
12 Septemba 1975

Mpendwa mdogo wangu Modest,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona tangu Pasaka. Hujambo huko Dar es Salaam? Mkeo Flavia na watoto hawajambo? Huku mvua bado, na mgongo wangu ndio ule ule.

Modest, Mama anakufa. Sikuzungushi.

Ni ile picha ya mto Ugala uliyotuletea tulipohamishiwa hapa kijijini. Nilikutania kuwa ukiisogelea ni madoa matupu, kama mtoto kamwaga rangi. Ukirudi nyuma, maji yanakwenda. Kwa kuwa makaburi tuliyaacha kule mtoni, Mama akaanza kutambikia hapo. Kila asubuhi alisimama mbele ya picha, akainyunyizia maji ya unga wa mtama, akamwita Baba. Padri akijua, shauri yake.

Lakini ulichora pia moshi wa kile kiwanda cha mbao, nao umefunika mahali pa kaburi la Baba na mninga wake. Tangu homa imshike, Mama anasema Baba amekasirika, moshi umemziba, tambiko halifiki. Ameapa hatakula mpaka uuondoe. Mganga wa zahanati ametoa dawa, lakini bila chakula ni kazi bure. Nimemlilia, nimemgombeza, nimempigia magoti. Hata uji anautema.

Mimi na wewe tunajua kuwa nyuma ya moshi hakuna mninga. Watu wa kiwanda waliukata wakaupasua mbao, na trekta la magogo likapita juu ya kaburi. Ulichora moshi ili Mama asilione pengo, nami nikakushukuru. Nani angejua?

Njoo na rangi zako. Chora mninga wenye majani tele, na kaburi chini yake. Ni uongo, najua. Chora hivyo hivyo! Jana nilijaribu mwenyewe kwa mkaa. Mkono huu ni wa jembe, nikaacha.

Nisalimie Flavia na mwanao Kasimiri. Apolinaria, anayenisaidia kumgeuza Mama kitandani, anakusalimu sana. Mungu akulinde safarini.

Asubuhi hii nimemdanganya Mama kuwa umeshapanda treni. Amekunywa uji kidogo, akaagiza mlango usifungwe.

Dada yako akupendaye, asiye na mwingine wa kumwita,
Eustadia