Kabla Hawajawahasi Madume wa Wamaza

Shemeji Amisi,

Nimeanza barua hii asubuhi, na tayari nimeinuka mara kadhaa kwenda kumtazama beberu wako. Yuko nyuma ya nyumba, amefungwa kwenye mpapai, anatafuna kamba. Hajui kwamba kesho kutwa atapandishwa pikipiki kupelekwa Wamaza, kule tulikokimbia. Hajui pia kwamba kule watu wamenoa visu. Visu si vyake. Ni vya madume wengine.

Tangu tukuzike mambo yamekwenda mbio. Njia ya Kabambare imetulia kidogo, na wenzetu tuliokimbia nao wameanza kurudi, familia moja moja, na majembe yao na mabati. Zaina binti yako amewapa beberu huyu bure, kwa jina lako. Mjane wako, dada yangu, anaendelea tu kumwekea maganda ya mihogo kama ulivyokuwa ukifanya.

Juzi Kitenge, anayewaongoza wanaorudi, alikuja kumwona. Akamzunguka, akampapasa mgongo, akasema: "Mwalimu, tukiisha kufika, madume yote ya kule tunayahasi. Mutu asibakize hata moja. Tunabakiza damu ya Dokta peke yake." Kusikia wewe, daktari wao wa mifugo, ukitajwa, watu wakafurahi. Mimi nikatafuta kiti.

Nilitafuta kiti kwa sababu hesabu iliyoipa damu hiyo sifa tuliifanya wawili, na sasa nimebaki peke yangu ninayeikumbuka.

Unamkumbuka beberu wetu wa kwanza, tuliyemwita Mukwe? Watoto wake walikuwa wametawanyika kwenye mahari za watu, na ilitubidi tuzifuate ndoa ili tuwapate mbuzi. Kule upande wa Lusangi mzee mmoja alitusimamisha mlangoni: "Mbuzi nilipokea, binti nilitoa. Munakuja kuhesabu nini? Kijana anataka kumuacha?" Wewe hukubishana. Ulimshika mbuzi wake, ukamfunua kope, ukamwonyesha kwamba nyama ya ndani ikipauka, ugonjwa wa mbung'o unammaliza damu. Kisha ukamfunua kope yeye mwenyewe. "Mzee, na wewe ukule sombe mingi." Kusikia anaagizwa kisamvu kama dawa, alicheka mpaka akatuletea viti. Tuliondoka na damu ya mbuzi wote wa boma lake ndani ya vichupa, na yeye akatusindikiza.

Halafu zikaja karatasi za maabara zenye majibu ya vichupa vile, na kazi ikawa yangu. Bado naiona wazi. Mukwe alibeba nakala mbili za kila kipande cha urithi wake, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama, na kila mtoto alimrithisha moja tu. Basi kwa kila kipande niliwagawa watoto wake makundi mawili, waliopata nakala hii na waliopata ile, nikalinganisha wekundu wa damu yao. Makundi yakilingana, napita. Yakitofautiana, nasimama, kwa sababu karibu na hapo huenda kuna jeni inayosaidia mbuzi kustahimili ugonjwa wa mbung'o. Niliyachora yote kwenye mstari, na mahali pamoja mstari ulipanda kama kilima. Ulikipenda kilima kile kuliko chakula.

Mimi nilisema bahati nayo hujenga vilima. Ndipo tukaandika vipimo vya damu kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kikapu, tukavichanganya na kuwagawia mbuzi upya bila kuangalia, kisha tukachora mstari tena. Tena na tena. Dada yangu alipita na jembe: "Baba wazima munacheza tombola mchana kweupe. Karanga itavunwa na nani?" Mara nyingi kilima kilitoweka. Mara chache bahati peke yake ilijenga kirefu kama chetu. Wewe ukasema inatosha. Mimi nikasema haitoshi, tutafute beberu wa pili na watoto wake. Tulikuwa bado tunabishana vita ilipotufikia, tukakimbia, wewe ukiwa na jike mmoja begani, mwenye mimba aliyopewa na mwana wa Mukwe.

Huyu aliye kwenye mpapai ni kitukuu wa Mukwe. Hapo ndipo ninapokosa utulivu. Hata kama kilima kilikuwa cha kweli, Mukwe alikuwa na nakala moja nzuri na moja ya kawaida. Mwanawe alikuwa na nusu ya nafasi ya kuipata ile nzuri, mjukuu nusu ya nusu, na huyu nusu ya nusu ya nusu, isipokuwa kama majike wa njiani nao walikuwa nayo, na hao hatukuwapima. Tena ugumu wa mbuzi hautokani na jeni moja. Ziko nyingi, kila moja inasaidia kidogo, na juu yake kuna malisho na maziwa ya mama. Hajawahi kuugua, ni kweli. Lakini amekulia hapa mjini, na mbung'o hawamjui.

Wakiwahasi wale madume wa Wamaza, watakuwa wamewakata waliobaki hai kule porini vita yote bila daktari. Na baada ya vizazi viwili mbuzi wote watakuwa ndugu. Nikisema hivyo, nilifikiri, watamchinja wako na kumla njiani. Na Zaina humwona wewe ndani yake.

Jana nilisema. Kitenge alijikuna kidevu. Zaina alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Mujomba, basi papa alifanya kazi ya bure?"

Shemeji, swali lile lilinichoma. Nilimwambia hapana: baba yako aliacha kazi nusu, na nusu iliyobaki haifanyiki hapa Kasongo. Inafanyika mahali watoto wa beberu huyu watakapozaliwa, pamoja na watoto wa madume wengine, kwenye malisho yale yale na mbung'o wale wale. Wasihasiwe. Kila mtoto wa kitukuu akatwe alama sikioni, na kila baada ya mvua tuwalinganishe wote.

"Na nani atajua kulinganisha?" Kitenge akauliza. "Sisi tuko watu ya jembe, Mwalimu." Wote wakanitazama.

Unajua nilivyoapa tulipokimbia kwamba sitauona tena mlango wa nyumba yangu ya Wamaza. Nilikuwa na sababu, na sababu bado ziko. Nimekaa hapa nikisoma vitabu vya wengine mpaka macho yamechoka. Lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mimi." Kitenge amekubali kuweka visu kando mpaka tuone. Zaina ameagiza pikipiki ya pili, na tangu hapo sijaweza kukaa kwenye kiti dakika mbili.

Lala salama, shemeji. Sijui kama nitaishi kuona wajukuu wa beberu huyu, kwa hiyo nitamfundisha Zaina kila hesabu nitakayoifanya. Nikikuta watoto wake hawawapiti wengine, nitawaambia watu hivyo, na nitarudi kukuambia kaburini kwako bila kupunguza neno. Na nikikuta ulikuwa sahihi, nitakiri mbele ya dada yangu, jambo ambalo ulipokuwa hai hukuwahi kulipata kwangu.

Shemeji yako,
Mwalimu Kalonda